Oili ya Difu na Historia Yake



Wale tuliosoma pamoja mwaka 1981 hawajaisahau pikapu ya shule. Ndiyo iliyoleta mahindi, maharage na kuni, na ndiyo iliyowapeleka wagonjwa hospitali usiku wa manane. Leo nataka kueleza historia ya kitu kimoja kilichokuwa ndani yake, nacho ni oili ya difu. Huenda baadhi yenu mtacheka. Lakini kwa sababu ya oili hiyo mtu mmoja mwema alifukuzwa kazi, nami nilikuwapo.

Difu ni lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ili kuifahamu kazi yake, kumbukeni gwaride letu. Mstari ukigeuka kona, aliye ndani hupiga hatua fupi sana, na aliye nje hana budi kunyoosha miguu, la sivyo mstari hukatika. Magurudumu ya nyuma ni vivyo hivyo. Kwenye kona gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na kama yangefungwa pamoja, moja lingeburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1827 kwa mpango wa meno unaoyapa magurudumu uhuru huo, akikusudia gari la mvuke. Mwaka 1877 Mwingereza James Starley aliutumia mpango wa namna hiyo katika baiskeli ya magurudumu matatu, na Karl Benz akautia katika gari lake la petroli la mwaka 1885.

Siku hizo meno ya difu hayakudai mengi. Pinioni, yaani gia ndogo inayozungushwa na propela, ilikutana na krauni, ile gia kubwa, katikati kabisa, na oili nzito ya kawaida ilitosha. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1920 katika kiwanda cha Gleason kilichoko Rochester, New York. Huko Ernest Wildhaber alibuni meno yaitwayo haipoidi, ambayo huishusha pinioni chini ya kitovu cha krauni. Kampuni ya Packard iliyatia katika magari yake mwaka 1926. Propela ilishuka, sakafu ya gari ikashuka nayo, na difu ikawa na nguvu zaidi na makelele machache. Lakini meno hayo huteleza yakisuguana huku yamebanwa kwa nguvu kubwa mno. Oili ya kawaida husukumwa nje, chuma kikagusa chuma, na meno yakalika.

Hapo wakemia wakaingia kazini. Walitia katika oili salfa, klorini na sabuni ya risasi, na baadaye salfa pamoja na fosforasi. Joto linapopanda pale meno yanapobanana, dawa hizo huungana na chuma na kufanya utando mwembamba, nao ndio usagikao badala ya jino. Salfa hiyo ndiyo harufu kali inayowapiga mafundi puani wafunguapo kizibo. Mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, nayo yalichanganywa na salfa kwa kazi hiyo hiyo. Mwaka 1970 Marekani ilimtia mnyama huyo katika orodha ya viumbe walio hatarini, na viwanda vikalazimika kutafuta kitu kingine.

Sasa nirudi mwaka 1981. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka hali ya nchi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bei ya mafuta duniani imepanda, fedha za kigeni ni haba, na vipuri havionekani. Mimi nilikuwa mwanafunzi niliyemsaidia dereva wetu kazi za Jumamosi. Siku hiyo alijilaza chini ya pikapu, akamwaga oili ya zamani, akanituma stoo kuleta mpya. Stoo palikuwa na oili ya injini tu, nami nikaileta. Mzee alichovya kidole, akanusa, akanirudishia kopo.

"Mwanangu, hii haina harufu. Irudishe."

Nilirudi, na mwenye ufunguo wa stoo akanijibu kwamba oili ni oili, na kesho gari liende kuchukua mahindi. Mzee alikuwa ameshamwaga ile ya zamani, hana pa kushika. Akaitia.

Wiki ya tatu difu ilianza kulia. Wiki ya tano, mlimani, gari limejaa magunia, krauni ikavunjika meno. Kikao kikaamua kwamba dereva ni mzembe na kwamba alipakia kupita kiasi. Aliondoka shuleni na sanduku lake na mkeka. Mimi nilijua habari ya kopo lile. Nilikuwa na miaka 17, nikaogopa, nikanyamaza. Nilipomtafuta baada ya miaka mingi, niliambiwa amekwisha fariki.

Basi, vijana mtakaoshika spana, shikeni haya. Iwekeni oili mpya mkononi kabla ya kumwaga ya zamani. Maandishi ya chupa ni muhimu: difu ya haipoidi kwa kawaida hutaka GL-5, lakini giaboksi nyingi zenye sehemu za shaba haziitaki, kwa hiyo fuateni kitabu cha gari. Liendesheni gari kidogo oili ipate joto, kisha liegesheni mahali tambarare na kuzuia magurudumu. Fungueni kizibo cha kujazia kwanza, kwa maana kikikataa baada ya kumwaga, mmekwama. Tazameni sumaku ya kizibo cha chini, kama ipo: uji wa kijivu ni kuchakaa kwa kawaida, lakini vipande vya chuma ni habari mbaya. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, aghalabu kwa kuvuka mto difu ikiwa moto. Jazeni mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Na ile ya zamani msiimwage ardhini.

Mzee yule hakupata kusikia jina la Wildhaber wala la Gleason. Hata hivyo alijua kwa pua yake yale ambayo wakemia walihangaika nayo kwa miaka mingi, na sisi wenye vitabu ndio tuliosema kwamba oili ni oili. Kwa hiyo dereva wa shule akisema gari linalia vibaya, msikilizeni. Na kama mnalijua jambo litakalomwokoa mtu, lisemeni siku hiyo hiyo, hata kama mnaogopa.