Kipimo cha Kilatini katika Sarufi za Mwanzo za Kiingereza

Historia ya sarufi ya Kiingereza haikuanza na Kiingereza. Ilianza na Kilatini. Katika shule za Uingereza za karne ya 16, kusoma sarufi kulimaanisha kusoma sarufi ya Kilatini, na kitabu kilichotawala ni kile kinachohusishwa na William Lily. William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, aliufuata muundo wa Lily. Dai lake lilihusu hadhi: kwamba Kiingereza, kilichodhaniwa hakina kanuni, kina kanuni sawa na lugha nyingine. Hapa pana kinaya. Ili kuitetea lugha yake, Bullokar aliivisha vazi lililoshonewa lugha nyingine.

John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, aliing'amua kasoro hiyo. Katika sarufi yake ya mwaka 1653 alishikilia kuwa nomino za Kiingereza hazibadiliki umbo kwa uhusika kama za Kilatini. Aghalabu dhima hiyo hutekelezwa na vihusishi. Hata hivyo, aliyaandika hayo kwa Kilatini, kwa kuwa aliwalenga pia wageni waliotaka kusoma maandishi ya Kiingereza. Alikikataa Kilatini kama kipimo, akakihitaji kama chombo.

Kufikia karne ya 18, mkazo ulikuwa umehama. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, hakusita kuonyesha makosa hata katika maandishi ya Shakespeare na Milton. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alichapisha mwaka 1795 kitabu alichokiandaa kwa ajili ya shule ya wasichana, nacho kikaenea Uingereza na Marekani. Sarufi iliyoanza kwa kuitetea lugha sasa ilimhukumu msemaji wake.

Mkondo huu unamhusu pia mhakiki wa Kiswahili. Krapf alipochapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na Steere mwongozo wake mwaka 1870, walikabili upatanisho wa ngeli, mfumo ambao muundo wa Lily haukuuandalia nafasi. Kwa hivyo, haitoshi kuuliza iwapo kanuni fulani ya sarufi ni sahihi. Sharti iulizwe pia kipimo chake kilitoka wapi, na kiliwekwa kwa manufaa ya nani.