Magazeti na Wenye Bunduki

Vijana wa Kibera na Kawangware waliopata kuketi katika vibanda vya video wawajua sana wapiga bastola wa Marekani: kofia pana, farasi, na mkono mwepesi kama umeme. Wengi wao hawajui kwamba sifa hizo zilienezwa kwanza kwa wino wa magazeti.

Mwaka 1872 wezi watatu walipora fedha za kiingilio langoni pa maonyesho katika mji wa Kansas City, na risasi ikamjeruhi msichana mdogo. John Newman Edwards, mhariri wa Kansas City Times, aliwasifu wezi wale kana kwamba ni mashujaa wa kale. Ndiye pia aliyemkuza Jesse James. Billy the Kid, aliyeuawa mwaka 1881, alisemwa kuwa ameua watu 21, walakini wanahistoria hawafikishi hata 10. Picha yake mashuhuri ilipigwa juu ya bati, na picha za namna hiyo hugeuza kulia kuwa kushoto. Basi kwa miaka mingi watu wakashikilia kwamba alitumia mkono wa kushoto!

Hapa kwetu kalamu ilikwenda kinyume. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Oktoba 1952, iliyapiga marufuku magazeti mengi ya Waafrika. East African Standard, gazeti lililosomwa na masetla, likaendelea kutoka. Katika lugha ya magazeti ya Kizungu wapiganaji wa msituni walikuwa magaidi, na vikosi vyao magenge. Mauaji ya familia ya Ruck, Januari 1953, yalijaza kurasa, nayo yalikuwa ya kuhuzunisha kweli. Lakini raia Wazungu waliouawa katika vita vile walikuwa 32, na wapiganaji, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walipita 11,000. Hao aghalabu walichapwa kama tarakimu tu. Nawe msomaji wa Kawangware, usomapo leo kwamba majambazi fulani wameuawa usiku, tafuta katika habari hiyo ni nani aliyewaita hivyo.

Billy alitangaziwa zawadi ya dola 500. Dedan Kimathi, pauni 500. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akapigwa picha akiwa amelala, mikono imefungwa pingu, na picha hiyo ikaenezwa ili wafuasi wake wakate tamaa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu. Tarehe 18 Februari 2007 sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi, katika barabara yenye jina lake. Humo amesimama, bunduki mkononi.