Daktari wa Long Beach na dola 200 za wazee

Juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja alikuwa anasimulia habari za Poland, jinsi chama tawala cha wakati huo, PiS, kilivyowalipa wastaafu pensheni ya "mwezi wa 13" mwaka 2019. Fedha zilitoka Mei, mwezi uleule wa uchaguzi wa Bunge la Ulaya, na Oktoba wakaenda kwenye uchaguzi wa bunge lao. Akamalizia kwa kusema wazee wanyang'anywe kadi za kura wakishafika miaka 70, maana bei yao inajulikana. Tukacheka. Na mimi nilicheka, sikatai.

Lakini nilipofika nyumbani hilo neno "bei" likanikaa kichwani. Kijana akiahidiwa ajira, tunasema amesoma ilani ya chama. Mkulima akiahidiwa mbolea ya ruzuku, tunasema anatetea maslahi yake. Mzee akiahidiwa pensheni, tunasema amenunuliwa. Kwa nini?

Nikarudi kwenye kisa ambacho nadhani kinalijibu swali hili vizuri kuliko cha Poland, kwa sababu kimeshaisha na matokeo yake tunayajua. Ni kisa cha Marekani ya miaka ya 1930.

Fikiria mzee wa Marekani mwaka 1933. Maelfu ya benki yamefungwa na akiba ya maisha imeyeyuka. Mtoto aliyekuwa anategemewa naye hana kazi. Zaidi ya nusu ya majimbo yana sheria ya pensheni ya wazee, lakini mengi yanatoa fedha kidogo sana, na ili uzipate lazima kwanza uthibitishe kwamba wewe ni fukara kabisa. Kusini mwa California hali ilikuwa na chumvi ya ziada. Mji wa Long Beach ulijaa wazee waliohamia kutoka majimbo ya kilimo kama Iowa, wakifuata jua na hewa nzuri. Walikuja na akiba zao wakitaka kupumzika. Akiba ikaisha, jua likabaki.

Hapo ndipo anaingia Dk. Francis Townsend. Alikuwa na miaka 66 na alikuwa amepoteza kibarua chake katika idara ya afya ya mji huo. Septemba 1933 aliandika barua kwenye gazeti la mji, Press-Telegram. Pendekezo lake lilikuwa hivi: kila Mmarekani mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea alipwe na serikali, na baadaye kiwango kikatulia kwenye dola 200 kwa mwezi. Masharti yalikuwa mawili makubwa: aache kazi, na fedha yote aitumie ndani ya siku 30. Gharama zingelipwa kwa kodi ya asilimia 2 kwenye kila muamala. Mzee akistaafu, kijana anapata nafasi yake. Mzee akitumia fedha, duka linauza, kiwanda kinaamka. Umeona utamu wake? Hakuwaomba watu wawahurumie wazee. Aliwaambia wazee ndio watakaoiokoa nchi.

Townsend na dalali wa viwanja aitwaye Robert Clements wakaanzisha klabu nchi nzima. Katika muda mfupi klabu zilikuwa maelfu na wanachama wakahesabiwa kwa mamilioni. Mikutano yao ilikuwa kama ibada: nyimbo za dini, sala, bendera, vikapu vya sadaka. Mwanachama alilipa senti 25 kujiunga.

Sasa tufanye hesabu, maana ndipo mambo yanapoharibika. Watu wa miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 10. Dola 200 mara milioni 10 ni dola bilioni 2 kwa mwezi, yaani bilioni 24 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya pato lote la taifa, wapewe watu wasiofika hata asilimia 10 ya wananchi. Mume na mke wangepata dola 400 kwa mwezi, wakati wafanyakazi wengi waliobahatika kuwa na kazi hawakuziona hata 200. Na ile kodi ya asilimia 2 ingetozwa kila bidhaa inapobadilisha mikono: ngano ikiuzwa, unga ukiuzwa, mkate ukiuzwa. Mnunuzi wa mwisho, akiwemo mzee mwenyewe, ndiye angeubeba mzigo wote.

Kwa hiyo jamaa yangu wa kijiweni angepata pointi hapa. Na kuna jambo baya zaidi ya hesabu. Muswada wa Townsend ulipelekwa bungeni mwaka 1935 na mbunge wa California, John McGroarty, ambaye alikuwa pia mshairi (ndiyo, mshairi ndiye aliyekabidhiwa hesabu). Wataalamu walipoupasua, ukaandikwa upya: pensheni sasa ingekuwa kiasi chochote ambacho kodi itakusanya, na dola 200 ikawa kikomo cha juu tu. Lakini kwenye mikutano wazee waliendelea kuimbiwa 200. Siku hizi tunaita maandishi madogo chini ya tangazo.

Wakati huohuo gazeti la harakati, lililonunuliwa na wazee wenyewe kwa vijisenti vyao, lilikuwa mali ya kampuni ya Townsend na Clements binafsi. Mwaka 1936 kamati ya Bunge ikaanza kuwachunguza. Clements akajiuzulu. Townsend alihojiwa Mei, akasimama katikati ya mahojiano akatoka nje, na baadaye akahukumiwa kifungo cha siku 30 kwa kudharau Bunge. Hakukitumikia, mwaka 1938 Rais Roosevelt alimwondolea adhabu. Tutarudi kwa Roosevelt.

Kuna mwanasiasa mwingine ambaye lazima nimtaje. Mwaka 1934 California ilikuwa na uchaguzi wa gavana. Mwandishi wa riwaya Upton Sinclair aligombea kwa Democratic akiwa na mpango wake wa dola 50 kwa mwezi kwa wazee wasiojiweza, na akaukataa Mpango wa Townsend. Mpinzani wake, Gavana Frank Merriam wa Republican, mhafidhina aliyependwa na wafanyabiashara, akauunga mkono. Mhafidhina anaunga mkono mpango ambao ungemeza karibu nusu ya pato la taifa! Siri ni rahisi: hundi ingesainiwa Washington, siyo Sacramento. Kuahidi fedha ambazo si wewe utakayezitafuta hakugharimu kitu. Merriam alishinda.

Basi, hapa ndipo wanaowadharau wazee wanapofunga kitabu. Mimi nawaomba wafungue ukurasa mmoja zaidi.

Mwaka 1936 Townsend aliamua kuingia kwenye siasa za vyama. Aliungana na Padri Charles Coughlin, mhubiri wa redio aliyekuwa na wasikilizaji mamilioni, na Gerald L. K. Smith, mrithi wa kujitangaza wa Huey Long wa Louisiana, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Wakakusanyika chini ya chama kipya kilichoitwa Union Party, mgombea urais akiwa mbunge William Lemke wa North Dakota. Chama cha wanyonge dhidi ya mabenki na wakubwa, chenye wahubiri watatu hodari wa kizazi hicho. Kwenye karatasi, kura za wazee zilikuwa mfukoni.

Lemke alipata kura chini ya 900,000, kama asilimia 2. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Hata huko California, nyumbani kwa harakati yenyewe, chama hakikufanikiwa kuliingiza jina la Lemke kwenye karatasi ya kura.

Mamilioni ya wazee walilipa senti zao 25, waliimba, walisaini, waliwasumbua wabunge wao kwa barua. Kisha siku ya kura wengi wao hawakumfuata daktari wao. Je, hao ndio watu wanaonunulika?

Jibu la kwa nini liko kwenye tarehe nyingine: 14 Agosti 1935, siku Roosevelt aliposaini Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Sheria ile ilileta vitu viwili kwa wazee. Cha kwanza ni ruzuku: serikali kuu ingechangia nusu ya msaada ambao jimbo litampa mzee maskini, mpaka dola 15 kutoka Washington. Cha pili ni pensheni ya kuchangia, ambapo mfanyakazi na mwajiri wanakatwa na mtu analipwa akifika miaka 65. Dola 15! Ukilinganisha na 200 ni kichekesho. Lakini zilikuwa dola 15 zilizokuwa zinakuja kweli.

Na zisingekuja upesi hivyo bila yule daktari. Frances Perkins, waziri wa kazi wa Roosevelt, aliandika baadaye kwamba rais mwenyewe aliona Bunge lisingeweza kuhimili shinikizo la Mpango wa Townsend bila kuwa na mpango mwingine wa kuwapa wazee. Wabunge wengi waliopigia kura sheria ya 1935 walikuwa na magunia ya barua za klabu ofisini kwao. Mpango wa kichaa ulimsukuma mbele mwenye akili timamu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jamaa yangu. Ahadi ya pensheni ina haki ya kumvuta mzee, kama ahadi ya ajira inavyokuvuta wewe. Ila kuvutwa kwenda kwenye mkutano, kwenye barua na kwenye saini ni tofauti na kumkabidhi mtu nchi. Wazee wa Townsend walimtumia kama fimbo. Fimbo humkabidhi serikali?

Nisijifanye kuwa waliiona tofauti hiyo kila mahali. California ilirudia mwaka 1938, safari hii kwa kampeni iliyoitwa Ham and Eggs, yaani kitimoto na mayai. Iliahidi dola 30 kila Alhamisi kwa kila asiye na kazi mwenye umri wa miaka 50 na zaidi, siyo kwa dola halisi bali kwa hati za jimbo ambazo zingebandikwa stempu ya senti 2 kila wiki. Watu wa uchumi walizicheka hati hizo. Lakini mwaka huohuo mzee mmoja wa San Diego alijiua, akaacha ujumbe kwamba ni mdogo mno kupata pensheni na mzee mno kupata kazi, na baada ya hapo kicheko kikawa kigumu. Kwenye kura ya maoni ya Novemba 1938, watu zaidi ya milioni 1.1 walisema ndiyo na karibu milioni 1.4 wakasema hapana. Mwaka uliofuata ikarudishwa, ikaanguka vibaya, karibu hapana mbili kwa kila ndiyo moja. Aliyefaidika ni Sheridan Downey, aliyeiunga mkono akaingia Seneti. Hati za Alhamisi hazikuwahi kuchapwa.

Na hiyo ahadi ya busara ya 1935 nayo isipakwe mafuta. Pensheni ya kuchangia iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na huko ndiko Wamarekani weusi wengi walikokuwa wakifanya kazi, hasa Kusini. Kwa mzee mweusi aliyechuma pamba Mississippi, mjadala kati ya dola 200 na 15 ulikuwa wa watu wengine. Ruzuku yake iliamuliwa na maofisa weupe wa jimbo. Wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani walianza kuingizwa mwaka 1950, wengine 1954.

Hata suala la "kuchangia" lina mzaha wake. Hundi ya kwanza ya kila mwezi ilitolewa 31 Januari 1940 kwa Ida May Fuller, karani mstaafu wa Ludlow, Vermont. Ilikuwa ya dola 22.54. Yeye mwenyewe alikuwa amekatwa jumla ya dola 24.75 katika miaka mitatu. Hundi ya pili ilipofika, tayari alikuwa amepokea zaidi ya alichotoa. Akaishi mpaka miaka 100, akafariki 1975 akiwa amepokea dola 22,888.92. Nani alilipa? Vijana waliokuwa kazini. Kwa hiyo ule mpango wa kichaa na huu wa busara vyote vilichukua kwa kijana vikampa mzee. Tofauti ni kwamba mmoja ulikuwa umepiga hesabu ya kiasi gani.

Na Vermont, kama unakumbuka hesabu ya majimbo 46 kati ya 48, ni moja ya yale mawili yaliyomkataa Roosevelt mwaka 1936, pamoja na Maine. Huko, wengi walimpigia kura Alf Landon, ambaye kwenye kampeni aliiponda waziwazi sheria ileile. Hundi iliwafikia hivyohivyo. Hakuna aliyewauliza walimpa nani kura.