Kumbe "manamba" limetoka kwenye namba!

Siku hizi ukimwita mtu manamba, umemtukana: mtu wa kutumikishwa, hana lake. Ila neno hili lina historia nzito, na historia yenyewe iko Tanga.

Tuanze na "number". Waingereza waliitoa kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwenye Kilatini. Kwetu ikawa namba.

Sasa njoo kwenye mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika mizima 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Miaka ikaenda, mashamba yakawa makubwa balaa, lakini wenyeji wa pwani walikuwa na mashamba yao. Nani akubali kukata mkonge siku nzima kwa ujira kiduchu?

Ikabidi watu waletwe kwa mkataba kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hadi Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi ya kuwakusanya. Ukishaandikishwa unapewa namba. Jina lako? Hakuna mwenye shida nalo. Kazi inahesabiwa kwenye kipande, siku 30 zijae ndio ulipwe. Watu wa namba wakaitwa manamba.

Jasho lao ndilo lililoifanya Tanganyika iongoze dunia kwa mkonge. Wengi hawakurudi kwao, wajukuu wao ndio hao mnaopishana nao Korogwe na Muheza.

Kwa hiyo kabla hujamrushia mtu neno hilo, kumbuka: unayemtaja ni babu wa mtu, na alikuwa na jina.