Ngamizi ya Hazina, madaftari ya Ifakara

Haya wandugu, leo tuongee habari za meza. Sisemi meza ya bosi. Nasema ile aliyokuwa anakaa opereta wa kompyuta kubwa za zamani, zile meinifremu: taa zinawaka na kuzima, swichi mstari mzima, na pembeni taipureta inayojichapa yenyewe kama imepandwa na pepo. Kuna watu duniani siku hizi wanazifufua meza hizo kwenye skrini za laptopu zao, na baadhi yao wanatumia lugha ya programu iitwayo Smalltalk. Nilipokutana na habari hiyo nikajiuliza swali la mwandishi wa habari: na sisi je, meza kama ile tuliwahi kuwa nayo? Nani aliikalia, na aliulizwa nini?

Tuliwahi. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta aina ya ICT 1500, ya kwanza Tanzania. Iliuzwa na kampuni ya Kiingereza ya ICT, ingawa ukikwangua nembo unakuta ni RCA 301 ya Kimarekani iliyobandikwa jina jipya. Muda si mrefu ikafuatiwa na mashine ya familia ya ICT 1900. Hizi za 1900 ndizo zinazonivutia, kwa sababu zilikuwa na programu mama iliyoitwa Executive, na opereta aliongea nayo kwa taipureta, amri za herufi mbili mbili. LO, pakia programu. GO, ianze. Mashine inajibu kwa kuchapa mstari wake, opereta anachapa wa kwake, na mwisho wa zamu mazungumzo yote yamebaki kwenye karatasi. Ukitaka kujua usiku kuliharibika nini, unafunua karatasi unasoma.

Angalia sasa mpango wenyewe. Popote duniani meinifremu ilipofungwa, mwenye swali na mwenye meza walikuwa watu wawili tofauti. Mhasibu anaandika kazi yake kwenye fomu, fomu inatobolewa kuwa kadi, kadi zinapelekwa kwenye chumba chenye baridi, na siku ya pili au ya tatu linarudi bunda la karatasi. Kadi moja imekosewa? Rudi mwanzo. Hapo ongeza nchi changa yenye wataalamu wachache mno wa kazi hiyo, inayotegemea wageni kuandika programu na kutunza mashine, na kila kipuri ni fedha za kigeni. Mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwama, hasara ikawa kubwa, Hazina ikarudi kwenye mashine za kawaida za hesabu. (Wazee wa lugha walikuwa na neno la kompyuta, ngamizi. Kila nikilisikia nasikia angamiza, na kwa hesabu za Hazina wala halikukosea sana.)

Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huo huo ikatoka amri ya kuzuia kuingiza kompyuta nchini, na televisheni zikatiwa kapu hilo hilo. Ukitaka kompyuta, uombe kibali maalumu serikalini. Vijana wa rika langu tukiisikia habari hii tunacheka, tunasema wazee walilala. Mimi sicheki sana. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipaa, ukame wa 1973 na 1974 ukailazimisha nchi kununua chakula nje, na palikuwa na mfano hai wa mashine iliyokula fedha bila kutoa hesabu. Ningekuwa waziri na mkononi nina dola za mahindi au za kompyuta, ningenunua mahindi. Ninachowalaumu ni muda. Kununua mahindi ni jambo la msimu mmoja au miwili, lakini zuio lile lilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980, na ni miaka ya 1990 ndipo likabaki historia. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994, hilo mnalikumbuka.

Na ni katika miaka hiyo hiyo ndipo Smalltalk ilipozaliwa. Mwaka 1972, kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, Alan Kay na wenzake, akina Dan Ingalls na baadaye Adele Goldberg, walianza kuunda lugha ambayo kila kitu ndani yake ni kitu hai kinachopokea ujumbe na kuujibu. Walikuwa wanawaza kompyuta ya mtoto, si ya Hazina, na waliwaita watoto wa shule wakakaa mbele ya mashine wakatengeneza programu. Sisi tunafunga mlango mwaka 1974, wao wana skrini yenye madirisha na kipanya mezani. Kwao mwenye swali na mwenye meza alikuwa mtu mmoja.

Sasa twende Ifakara.

Ukitoka Mikumi ukapita Kidatu na mashamba ya miwa, ukaendelea na bonde huku milima ya Udzungwa ikiwa kulia kwako, unafika mji wa mpunga, baiskeli na mbu. Mbu ndio waliowaleta watafiti. Taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Uswisi ilifungua maabara yake Ifakara mwaka 1957. Baadaye ikawa kituo cha Watanzania wenyewe, na tangu 2008 tunaiita Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 kituo hicho kilianza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko ile ICT 1500: kuhesabu watu wa vijiji vya Kilombero na Ulanga kaya kwa kaya, kisha kuwarudia kila baada ya miezi minne, mwaka baada ya mwaka, kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kaolewa, nani kahama. Vijiji vilifika 25, watu zaidi ya 50,000.

Programu iliyotunza hesabu hiyo ilitoka Navrongo, kaskazini mwa Ghana. Iliitwa HRS, mfumo wa kusajili kaya, ikaandikwa kwa FoxPro kwa ushirikiano na Population Council ya New York. Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo kuna utamu.

Karani anapita na daftari la kaya. Anarudi nalo kituoni, mwingine anaketi mbele ya kompyuta na kuingiza. Programu haipokei tu, inabisha. Mtu hawezi kufa kabla hajazaliwa. Mama aliyeandikwa kahama Januari hawezi kujifungulia kwenye kaya ile ile Machi. Mtu mmoja hawezi kuishi kaya mbili kwa wakati mmoja. Kila jibu lisiloingia akilini linarudishwa kijijini, mtu akaulize upya. Kabla daraja la mto Kilombero halijajengwa, swali la upande wa Ulanga lilivuka kwa kivuko, likangoja kivuko, likarudi kwa kivuko.

Na bonde lile lina ubishi wake. Msimu wa mpunga watu wanahamia shamba, wanaishi kwenye madungu miezi kadhaa, baba huku, mama na watoto kule, wengine wanabaki mjini kwa ajili ya shule. Je, huyo kahama? Kwa mwenyewe hajahama, yuko shamba tu. Kwa programu lazima awe ndani au nje. Sijui mhandisi gani wa New York angeliwaza hilo peke yake. Ni kazi ya makarani wa Kilombero na Ulanga, waliojua kwamba mlango uliofungwa mwezi wa tatu hauna maana ya kaya iliyokufa.

Ilikuwa na faida gani? Mwaka 1997 ulianza mradi wa vyandarua ulioitwa KINET, vyandarua na dawa vikauzwa vijijini kwa jina la Zuia Mbu. Hospitali haiwezi kukwambia vimeokoa watoto wangapi, kwa sababu watoto wengi walikuwa wanafia nyumbani, na anayefia nyumbani hospitali haimwoni. Daftari lilimwona. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet: vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Mwaka 2004 serikali ikaanza Hati Punguzo kwa wajawazito. Yule mama aliyepewa hati kliniki hakuwahi kusikia neno FoxPro, lakini nadhani mnaona kamba inapita wapi.

FoxPro yenyewe imeshakufa. Microsoft waliinunua kampuni yake 1992, wakatoa toleo la mwisho 2004, na 2015 wakaacha kabisa kuihudumia. Watu walioandikwa 1996 wakiwa wachanga leo wana watoto wao. Maisha ya mtu mmoja ni marefu kuliko programu tatu au nne, na kila mara rekodi zinapohamishwa toka nyumba ya zamani kwenda mpya, mtu lazima ajue zile sheria za ubishi zilikuwa zipi na kwa nini. Zikipotea, zitabaki namba ambazo hakuna anayejua mtu wa dungu alihesabiwa wapi.

Ndiyo sababu kwa wiki kadhaa sasa, jioni umeme ukiwepo, nachezea Pharo. Hii ni mjukuu wa Smalltalk: Squeak ilitoka 1996, mwaka ule ule wa sensa ya Ifakara, na Pharo ikachipuka kutoka humo 2008. Natengeneza meza ya opereta. Dirisha jeusi, herufi za kijani, amri za herufi mbili kama za 1900, na chini karatasi inayopanda mstari kwa mstari. Hiyo karatasi Smalltalk wanayo tayari, wanaiita Transcript. Kaya ni za kubuni, ishirini tu. Raha ya lugha hii ni kwamba anayeambiwa anatangulia, ujumbe unafuata, kwa hiyo unaweza kuandika:

konsoli onyesha: 'Kaya 07: mama yuko shamba'.

Na mashine inaelewa. Ukiihifadhi ukaifunga usiku, dunia yote iliyomo inaganda ilivyo, kesho unaikuta pale pale, hata sentensi uliyoiacha katikati.

Nimeshaweka KZ ya kizazi, KF ya kifo, HM ya kuhama. Ukijaribu kumzalisha mama aliyehama inakataa, inachapa sababu kwa Kiswahili. Tatizo ni SH, ya shamba. Ndani au nje? Nimeiacha ijibu kwa kuuliza: atarudi lini? Halafu inangoja.

Kama una mjomba au shangazi aliyewahi kufanya kazi na mashine ile ya Hazina, hebu muulize ile karatasi ya taipureta ilikuwa inatunzwa wapi.