SOMO LA HISTORIA: NYUMBA YA VITABU NA MLANGO WAKE

Leo tutatazama historia ya maktaba za jiji la Nairobi, na tutajiuliza swali moja: ni kitu gani kiifanyacho maktaba kuwa ya watu wote?

Katika mtaa wa Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, limesimama jengo la mawe lenye nguzo ndefu, na simba wawili wa mawe mbele yake. Hiyo ndiyo maktaba ya McMillan. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Sir Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa huko Juja na kufariki mwaka 1925. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake yenyewe.

Sehemu ya fedha za kuijenga ilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Huyo Andrew Carnegie alikuwa mtoto wa maskini kutoka Scotland, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba angali mdogo. Mzee mmoja aliwafungulia watoto wa kazi vitabu vyake nyumbani, nao wakaazima bila malipo. Carnegie alipotajirika alikumbuka wema ule, akatoa mali nyingi kujenga maktaba.

Sasa sikilizeni ajabu. Maktaba ya Nairobi, iliyosaidiwa na fedha za mtu huyo, ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika na Mhindi hawakuwa na ruhusa ya kuingia kusoma. Karani wa Kiafrika aliyejua kusoma vizuri aliweza kuziona nguzo, lakini vitabu hakuvipata. Jambo hilo lilidumu hata mwaka 1958, yaani miaka 27, ndipo mlango ukafunguliwa kwa watu wote. Maktaba ikawa mikononi mwa Baraza la Jiji.

Lakini kufungua mlango ni hatua ya kwanza tu. Mtu akaaye mbali, asiye na nauli, mlango ulio wazi mjini wamfaa nini? Kwa hiyo faida kubwa ilitokana na matawi mawili yaliyowekwa Kaloleni na Makadara, upande wa mashariki, katika mitaa ya wafanyakazi. Majengo yale ni madogo, hayana simba wala nguzo za fahari. Hata hivyo mtoto aliweza kwenda kwa miguu, akakaa mezani, akasoma mpaka jioni.

Miaka ikapita, na nyumba isiyotunzwa huchakaa. Maktaba zote tatu zilipungukiwa na matengenezo na vitabu vipya. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha chama kiitwacho Book Bunk, wakapatana na serikali ya jiji kuzitengeneza. Matawi ya Kaloleni na Makadara yalitengenezwa kwanza, nao wakazi wa mitaa hiyo wakaulizwa wataka nini.

Basi, ndugu wasikilizaji, mawe hujenga nyumba. Watu waingiao ndio waifanyao maktaba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Maktaba iliyo karibu nanyi iko umbali gani?
2. Ni nani asiyeingia humo, na ni kitu gani kimzuiacho?
3. Ninyi mwaweza kufanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.