Programu ya dukani inapokwama: Namna ya kugundua chanzo cha hitilafu

PROGRAMU ya kompyuta ikikwama, watayarishaji wengi hukimbilia kubadilisha maagizo yake kabla ya kujua ni hatua ipi hasa iliyoshindwa. Aghalabu hitilafu moja huzaa mbili, huku mwenye biashara akipoteza wateja na wakati mwingine pesa.

Madhara ya haraka hiyo huonekana upesi katika biashara ndogo. Mfano ni Soko la Uhuru, mtaani Jericho katika Eastlands jijini Nairobi, ambako mafundi wa cherehani hushona sare za shule na nguo nyingine. Tuseme kibanda kimoja kina kompyuta ya kuandika mauzo, kuhesabu shehena na kupokea malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mnamo 2007. Programu hiyo ina sehemu nne: dirisha analolitazama muuzaji, hifadhidata, mtandao, na seva iliyo mbali. Mzazi anaposubiri sare Januari shule zikikaribia kufunguliwa, swali la kwanza ni sehemu ipi kati ya hizo imeshindwa.

Ili kulijibu, mtayarishaji ajaribu kwanza kuirudia hitilafu. Ikijitokeza kila mara kwa hatua zilezile, chanzo huwa karibu na hatua hizo. Ikitokea mara mojamoja tu, kuna sababu ya kushuku mtandao, saa, au kazi mbili zinazogombea kitu kimoja. Kisha aijaribu kila sehemu peke yake, akisoma ujumbe wa hitilafu hadi mwisho.

DIRISHA LINAPOGANDA

Dirisha likiganda baada ya muuzaji kubonyeza kitufe, mara nyingi programu haijafa. Kazi inayochora dirisha ndiyo hiyo hiyo inayosubiri jibu kutoka kwa seva, hivyo haiwezi kuitikia mibonyezo. Tiba ni kuikabidhi kazi ya kusubiri kwa mkondo mwingine, kisha matokeo yarudishwe kwenye mkondo wa dirisha ili yaonyeshwe. Mkondo wa pembeni ukigusa dirisha moja kwa moja, hitilafu mpya hutokea, na hiyo ni ngumu zaidi kurudia.

MTANDAO UNAPOKATAA

Namna muunganisho unavyoshindwa huonyesha pa kutafuta. Ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida kompyuta ya pili imefikiwa lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye namba ya mlango iliyotajwa. Ukiwa ni ukimya mtupu hadi muda wa kungoja unakwisha, huenda anwani si sahihi au ukuta wa usalama unameza ujumbe. Jina la seva lisipotambuliwa, tatizo liko katika huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani.

Kosa jingine la kawaida linahusu anwani 127.0.0.1. Anwani hiyo humaanisha kompyuta yenyewe. Programu iliyoandikwa ikiitumia hufanya kazi vyema kwenye meza ya mtayarishaji, lakini hushindwa ikihamishiwa kompyuta ya pili, kwa sababu inajitafuta yenyewe badala ya kuitafuta seva. Aidha, programu ikidai kwamba mlango tayari unatumika, yafaa kuchunguza iwapo nakula yake ya awali ingali inaendeshwa.

Muda wa kungoja nao unahitaji kupimwa kwa siku mbaya. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mnamo 2009, Kenya ilitegemea zaidi setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde. Nyaya hizo zilipunguza ucheleweshaji, ila hazikuuondoa: mnamo Mei 2024, kukatika kwa nyaya za EASSy na SEACOM kulidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki.

UKIMYA SI JIBU

Hatari kubwa zaidi iko kwenye malipo. Tangu 2017, Safaricom imewapa watayarishaji njia ya kuunganisha programu zao na M-Pesa iitwayo Daraja. Makosa yanayojirudia hapo ni machache: nambari ya simu kuanza na 07 badala ya 2547, tokeni ya ruhusa kutumiwa baada ya muda wake wa takriban saa moja kwisha, na anwani ya kupokelea majibu kuwa ya ndani ya duka, ambayo haiwezi kufikiwa kutoka nje.

Jibu la kwanza linalosema ombi limepokelewa halimaanishi kwamba mteja amelipa. Matokeo huja baadaye: 0 ni malipo yaliyokamilika, 1032 ni ombi lililofutwa na mteja, na 1037 ni simu ambayo haikupatikana au haikujibu.

Matokeo yasipofika, programu haifai kuamua kwamba pesa hazikulipwa. Huenda malipo yalikamilika na ni jibu tu lililopotea njiani. Programu ikituma ombi la pili papo hapo, mzazi anaweza kulipia sare moja mara mbili. Njia salama ni kuuliza hali ya ombi la kwanza, na kuipa kila shughuli nambari ya pekee ambayo hifadhidata itakataa kuiandika mara ya pili.

HESABU NA SAA

Baadhi ya hitilafu hazitoi ujumbe wowote. Lugha nyingi za programu zikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida hupata 0.30000000000000004. Kwa hivyo pesa zihifadhiwe kwa senti, katika namba kamili. Seva nyingi nazo hutumia saa ya dunia ya UTC, iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Agizo lililowekwa mtandaoni saa nane usiku litaingia katika hesabu ya jana. Tarehe 03/04 ni Aprili 3 nchini Kenya, lakini Marekani ni Machi 4.

Umeme ukipotea katikati ya mauzo, shehena yaweza kupunguzwa bila mauzo kuandikwa. Hatua zote mbili zifungwe katika muamala mmoja wa hifadhidata, ili zikamilike pamoja au zifutwe pamoja.

Hatimaye, kila programu iwe na daftari lake la matukio, lenye saa, hatua na hitilafu iliyotokea, bila kuandika nywila wala funguo za siri. Mtayarishaji abadilishe jambo moja kwa wakati, alijaribu, kisha aendelee. Akibadilisha matano kwa pamoja na programu ikapona, hatajua ni lipi lililoiponya, na hitilafu ikirudi itambidi kuanza upya.